Picha Mia na Moja za Tshibumba

Tshibumba Kanda Matulu alichora juu ya magunia ya unga. Kitambaa kilikazwa kwenye fremu ya mbao, kikapakwa rangi ya chini, ndipo kazi ikaanza. Picha zenyewe hazikungoja jumba la maonyesho. Katika Lubumbashi, Kongo, miaka ya 1970 wachoraji walizizungusha wenyewe mitaani, wakawauzia makarani, walimu na wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, nao wakazitundika sebuleni, pale mgeni atakapoziona kabla hajakaa.

Wateja walijua wanachotaka. Mmoja alitaka mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, mwingine Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, mwingine Colonie Belge: mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi anamchapa fimbo, Mzungu anatazama, bendera ya Ubelgiji iko juu yao. Kwa hiyo mchoraji alirudia picha ileile mara nyingi, na wapo wanaomdharau kwa hilo. Mimi naona kinyume. Picha inayorudiwa huchujwa. Kisichohitajika huanguka njiani, na kinachobaki, kiwe mwanamke aliyeleta chakula gerezani au maandishi ya herufi kubwa chini ya picha, kina kazi yake.

Tshibumba, mzaliwa wa mji huu mwaka 1947, alitaka zaidi ya soko hilo. Alijiita mwanahistoria. Alipokutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapa, alimchorea kati ya 1973 na 1974 historia nzima ya nchi, tangu kabla ya Wazungu hadi mambo yajayo. Picha 101 zimo katika kitabu ambacho Fabian alikichapisha mwaka 1996, pamoja na mazungumzo yao ya Kiswahili cha Shaba, yaani cha Katanga. Imo ile ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, waliopigwa risasi mwaka 1941. Imo pia ya kifo cha Lumumba na wenzake wawili waliouawa pamoja naye, Mpolo na Okito: misalaba mitatu nyuma, na damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno Unité, umoja. Kusema mengi kiasi hicho kwa mstari mmoja wa rangi nyekundu si jambo dogo.

Mkusanyo huo ulinunuliwa na Tropenmuseum ya Amsterdam mwaka 2000. Ni vizuri haukutawanyika, maana picha hizi zinasomwa kwa kufuatana. Mchoraji mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Lakini zile zilizouzwa mtaani hazikwenda Amsterdam zote. Kama nyumbani kwenu, katika mitaa ya Lubumbashi ya Kenya, Katuba au Kamalondo, kuna moja nyuma ya kabati, usiifute kwa maji. Ipige picha mbele na nyuma, kisha muulize mzee wa nyumba aliinunua kwa nani na kwa nini alichagua hiyo. Andika jibu lake angali hai.