Nembo Inayovulika: Mwili wa Mti na Utambulisho katika Sanaa ya Wamakonde

Neno nembo limesafiri mbali katika Kiswahili. Leo lina maana ya alama ya chama, ya kampuni au ya dola, na wanafunzi wetu wengi hawalijui kwa maana nyingine. Kamusi za zamani hulifafanua pia kuwa ni chale za utambulisho zinazochanjwa mwilini, na Wamakonde huziita chale zao dinembo. Alama imehama kutoka kwenye ngozi ya mtu hadi kwenye karatasi ya serikali. Inavutia kuona kwamba Nembo ya Taifa ya Tanzania nayo haikuweza kuuacha mwili kabisa: mwanamume na mwanamke wamesimama huku na huku wakiwa na ngao katikati yao. Miili yao, hata hivyo, haina chale. Ni miili ya raia, si ya ukoo wala ya kabila.

Makala haya yanaangalia kazi ya sanaa ambayo nembo bado iko mwilini, ila mwili wenyewe ni wa mti. Katika ngoma ya midimu, ambayo huhusiana na sherehe za jando na unyago, mchezaji wa umbo la kike huvaa kinyago usoni na kiwiliwili cha mti mwepesi kifuani. Kiwiliwili hicho, kinachotajwa katika maandishi mengi kwa jina la njorowe, huchongwa upande wa mbele tu na kufungwa kwa kamba. Kina matiti, kitovu kilichotokeza na tumbo la mimba. Juu ya tumbo hupangwa mistari ya chale, ama kwa kuchonga ama kwa kubandika nta. Anayekivaa ni mwanamume.

Usomaji uliozoeleka husema kwamba njorowe ni ishara ya uzazi na mwendelezo wa ukoo. Si usomaji wa uongo. Ni wa kivivu. Sanamu yoyote ya mwanamke mjamzito, ya mahali popote, inaweza kupewa maelezo hayo, na mhakiki akaenda zake bila kuitazama. Jambo ambalo njorowe inalisema, na sanamu ya kawaida haiwezi kulisema, ni kwamba mimba hii ina kamba. Mti unaishia ubavuni, na nyuma yake kuna mgongo wa mtu mwingine, hata kama umefunikwa kwa nguo.

Tukumbuke chale zenyewe zilikuwa nini. Ngozi ilikatwa kwa kisu, makaa yakasuguliwa katika kidonda, na kovu likabaki na mtu hadi kaburini. Katika alama zote za utambulisho, hii ndiyo isiyovulika. Mchongaji wa njorowe ameichukua alama hiyo, akaihamishia kwenye kitu ambacho jioni kitafunguliwa na kuwekwa kando. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye fikra ya kazi hii. Inaonesha kuwa utambulisho ni jambo linalotendwa mbele ya watu wanaoijua lugha ya alama, kisha likakoma. Na inaonesha hivyo kwa kutumia alama ileile ambayo jamii iliichagua kwa sababu haikomi.

Kwa nini basi usomaji wa uzazi umetawala? Nadhani ulizaliwa ukutani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka Leipzig, alizunguka kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani, wakati moto wa Maji Maji haujazimika kabisa. Aliwapiga picha wanawake wenye ndonya mdomoni na chale mwilini, na alikusanya vitu vya kupeleka makumbushoni kwao. Katika picha ya namna hiyo chale haimwambii jirani jambo lolote. Inamthibitishia mtazamaji wa mbali kwamba huyu ni wa kabila fulani. Kiwiliwili cha mti nacho, kikitundikwa bila mchezaji, hugeuka kuwa sanamu ya kifua na tumbo. Kamba haionekani, mgongo haupo, na kinachobaki kusemwa ni uzazi. Wahakiki tuliosoma sanaa hii kwanza katika vitabu vya picha tulirithi ukuta huo bila kuuliza.

Kuna pingamizi zito zaidi, na silioni kuwa la kupuuzwa. Kwa kanuni ya midimu, wanawake na watoto wasiopita jandoni hawakutakiwa kujua kwamba ndani ya ndimu mna mtu. Kwa hiyo mwanamume anaubeba mwili wa mwanamke, anacheza mimba isiyo na uchungu, na anaificha siri hiyo kwa mwenye mwili. Je, huku ni kuchunguza utambulisho au ni kuumiliki? Mtu akisema tu kwamba utambulisho ni tendo, bila kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kulitenda, atakuwa ameusifu uhuru wa upande mmoja. Methali husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Tumezoea kuitaja kwa upande wa mchongaji, ilhali inawagawa watazamaji mara mbili: waliochonga, na waliotishwa. Uhakiki wa njorowe kwa sehemu kubwa umeandikwa kutoka upande wa waliochonga. Sauti ya mwanamke aliyeitazama ngoma, akaitambua miguu ya shemeji yake na akanyamaza, inahitaji utafiti wake.

Sanaa ya shetani nitaigusa kwa ufupi, maana imeandikwa sana. Samaki Likankoa, mchongaji kutoka Msumbiji aliyefanya kazi Dar es Salaam, anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo, na mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa mnunuzi wake. Mwili wa mpingo ukapewa jicho moja, mguu mmoja, masikio yasiyo na kipimo. Baadaye George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, akauingiza katika rangi. Mwili huo hauna nembo ya mtu yeyote. Ajabu ni kwamba huu ndio uliouzwa duniani kwa jina la sanaa ya Kimakonde: kabila lilipotoka kwenye ngozi ya sanamu, lilihamia kwenye lebo ya bei.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, anastahili kutajwa hapa kwa sababu amelishika jambo hili kutoka upande wa pili. Mwaka 2019 aliweka sanamu nne za shaba za wanawake walioketi katika vishubaka vya mbele ya Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, vishubaka ambavyo vilikuwa wazi tangu jengo hilo la mbele lilipokamilika mwaka 1902. Vichwa vyao vina visahani vinavyong'aa, vinavyokumbusha mapambo ya mdomo ya wanawake wa Kiafrika, lakini Mutu amevihamishia mahali tofauti kichwani, si mdomoni pekee. Alama inahama tena, safari hii kwa mkono wa mwanamke, na ukutani kwenyewe. Ila sanamu hizi ni za shaba, na mtazamaji aliye barabarani hawezi kuona kama kuna mtu ndani.