Mota, Silikoni na Maneno ya Somo

Jadida, mjini Wete, kisiwani Pemba, mwanamke anayetaka vaibreta haendi kumuuliza muuza duka kama anavyouliza bei ya pasi. Kifaa huja kwa njia za pembeni: ndani ya sanduku la jamaa anayeishi Muscat au London, au kwa agizo la simu, kikiwa kimeandikwa mashine ya masaji. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inakataza kuingiza picha za ngono na vitu vingine vya aibu. Hata pale bidhaa inapopita, inapita bila maelezo. Anayeipokea anakuta boksi, chaja na karatasi ya Kichina, wala hana wa kumuuliza.

Pwani ina mtu wa kuulizwa mambo hayo, naye ni somo. Kabla ya harusi, mwali hufanyiwa singo: liwa, karafuu na mrehani hupondwa, huchanganywa na marashi, na mwili wote husuguliwa hadi ngozi inang'aa. Mikono ikiwa kazini, midomo nayo haikai kimya. Humo ndimo mwali anapoambiwa lipi liguswe, lini, na kwa uzito gani. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini Unguja wengi walimjua kwanza kama kungwi wa unyago, mwanamke wa kupiga msondo na kuwafunza wasichana kukata kiuno. Mafunzo hayo yalikuwa na kasoro moja kubwa: mengi yalielekea kumfurahisha mume, na raha ya mke ikaachwa ijitafutie njia. Hata hivyo utaratibu wake ulikuwa sahihi. Somo alianza na mwili, vifaa na mapambo vikafuata. Wanunuzi wengi wa vaibreta huanza upande wa pili, na ndiyo maana vifaa vingi huishia chini ya nguo kabatini.

Tukianza na mwili, basi, kuna jambo ambalo hata vitabu vya udaktari vilichelewa kulieleza vizuri. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alionyesha kwamba kinembe ni kikubwa kuliko michoro ya kawaida ilivyokionyesha. Kinachoonekana nje ni ncha tu. Sehemu kubwa imejificha ndani, ikiwa na miguu miwili na tishu zinazoukumbatia uke. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018, uliowahoji wanawake 1,055, uliwakuta asilimia 18.4 pekee waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha kileleni. Takwimu hizo si za Pemba, ila maumbile hayana pasipoti. Kwa anayenunua mara ya kwanza, kifaa kidogo cha kutumika nje kina nafasi nzuri zaidi ya kumfaa kuliko kile kirefu chenye umbo la kiume, ambacho huuzwa kwa sura yake.

Ndani ya karibu kila vaibreta kuna kitu kimoja: mota ndogo yenye kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja wa mhimili wake. Mhimili ukizunguka, uzito ule usio katikati huvuta huku na huku, na kifaa kizima hutikisika. Chuma kikiwa chepesi na mota ikienda mbio, mtetemo huwa mwembamba, unawasha juu ya ngozi kama nyuki aliyefungiwa chupani. Chuma kikiwa kizito na mzunguko ukipungua, mtetemo huzama, na unasikika hata kwenye mfupa. Wapo wasiovumilia ule wa kwanza, wapo ambao wa pili hauwafikishi popote. Hakuna bei inayoamua hilo. Vilevile mitindo kumi ya kutetemeka iliyoandikwa kwenye boksi haina maana kubwa. Chenye thamani ni kitufe kinachopandisha na kushusha nguvu polepole, na kinachobonyezeka gizani bila kupapasa.

Namna rahisi ya kupima ni kukiweka kifaa kwenye ncha ya pua, siyo kwenye kiganja. Kiganja kimezoea kazi na hudanganya. Pua ikihisi kuwashwa kuliko kutikiswa, mota ni ya mtetemo mwembamba.

Mfano mzuri wa mtetemo mzito ni Magic Wand, kifaa cha kampuni ya Hitachi ya Japani kilichouzwa kwa ajili ya kukanda misuli na kikapata umaarufu kwa kazi nyingine. Toleo lake la waya lina kasi mbili, mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika. Mwaka 2013 Hitachi iliondoa jina lake kwenye bidhaa hiyo. Ndugu wa Marekani akikituma hicho cha waya, kuna mtego: kimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na soketi za Tanzania zinatoa 230. Kukichomeka bila transfoma ni kukiua siku ya kwanza. Cha kuchaji kwa USB hakina tatizo hilo, tena umeme ukikatika Wete, kinaendelea. Kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, iliyoanza kuilisha Pemba 2010, ilipunguza utegemezi wa majenereta, lakini mwenye busara bado huchaji mapema.

Kisha kuna malighafi, na hapa ndipo penye madhara ya kweli. Plastiki laini ya bei rahisi, inayonata kidogo na kunuka kama ndara mpya, aghalabu ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali za thaleti. Ina vitundu visivyoonekana, uchafu hukaa humo, na haisafishiki kikamilifu. Silikoni haina harufu wala haishiki vijidudu namna hiyo. Plastiki ngumu ya ABS nayo ni salama na huoshwa kwa urahisi. Mwaka 2021 kilitoka hata kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa hivi, ISO 3533. Kifaa kikinuka sana kinapotolewa kwenye mfuko, hakifai kuingizwa mwilini.

Pemba ya minazi, jambo la mafuta haliepukiki. Mafuta ya nazi hupasua kondomu za mpira, kwa hiyo wanaozitumia wasiyachanganye nazo. Kilainishi cha maji ndicho kinachopatana na vifaa vyote. Kile cha silikoni kinaweza kuharibu kifaa cha silikoni.

Kelele ni suala la ujenzi. Katika nyumba nyingi za zamani kuta za vyumba hazifiki paani, na sauti hutembea juu kwa juu. Mota ndogo iliyozamishwa ndani ya silikoni nene husikika kidogo. Ikigusa ubao wa kitanda, mbao huikuza sauti. Ikibaki juu ya godoro, hufifia.

Na mume je? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pemba, kujistarehesha peke yako kumekatazwa, ila kwa mkono wa mwenza kumeruhusiwa. Kwa hiyo wapo wanandoa wanaokichukulia kifaa kama nyongeza ya mkono huo, na wapo wasiokubali. Wanaokubali wachague chembamba, kinachoweza kukaa kati ya miili miwili.

Ganzi baada ya matumizi marefu huwatia watu hofu bure. Utafiti wa Marekani wa 2009 uliwakuta zaidi ya asilimia 70 ya watumiaji hawakuwahi kupata dalili yoyote mbaya. Ganzi ikitokea, ni kupunguza kasi na kupumzika.

Matunzo yenyewe ni mepesi: maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kikauke kabisa, kisha mfuko wa pamba, kwani unyevu wa kisiwa huotesha kutu kwenye tundu la chaja. Betri ya lithiamu isiyotumika muda mrefu iachwe na chaji ya nusu.