Chagua Mpigaji, Subiri Mrushaji

Jioni ya tarehe 6 Juni 2013, timu za beisboli za Ligi Kuu ya Marekani zilianza kugawana vijana wa mwaka huo. Utaratibu ni wa tangu 1965. Timu zinataja majina kwa zamu, wakati ule zilizofanya vibaya msimu uliopita zikitangulia, na kijana akishatajwa na timu moja hana ruhusa ya kusaini na nyingine mwaka huo. Houston Astros walianza. Wakamchukua Mark Appel, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Stanford, mrefu, mwenye mkono mwepesi na tabia njema, kijana ambaye hakuna aliyeweza kumtoa kasoro. Zamu ya pili ilikuwa ya Chicago Cubs.

Cubs walikuwa wamepoteza mechi 101 msimu wa 2012, na kila aliyewatazama alijua wana njaa ya warushaji. Alikuwapo bado Jonathan Gray wa Oklahoma, ambaye mpira wake uligusa kilomita 160 kwa saa. Cubs hawakumtaja. Walimtaja Kris Bryant wa University of San Diego, mpigaji, kijana aliyekuwa amepiga homurani 31 msimu ule, yaani mipira 31 iliyovuka ukuta wa uwanja na kupotelea nje. Timu nyingi za vyuo vikuu, wachezaji wote wakijumlishwa, hazikufikisha idadi hiyo.

Nimeufuatilia uamuzi ule kwa miaka mingi sasa, pamoja na mengine yaliyoutangulia na yaliyoufuata, na kadiri ninavyoutazama ndivyo heshima yangu kwa waliouamua inavyoongezeka. Ni rahisi kusifu aliyepiga mpira ukavuka ukuta. Kuna wengine, wanaume na wanawake wanaokaa kwenye viti vya chuma nyuma ya wavu wa uwanja wa shule fulani huko Texas au California, daftari mkononi, wakimtazama kijana wa miaka 17 au 21 na kujiuliza atakuwa nani akifika 26. Hiyo ni kazi ya mikono na macho kama ufundi mwingine wowote, na swali gumu kuliko yote ndani yake ni hili: ukiwa na zamu moja tu ya juu, umchague anayerusha au anayepiga?

Kishawishi cha mrushaji ni kikubwa, na sababu zake ni za kweli. Mchezo wote huanzia mkononi mwake. Anasimama kwenye kilima kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wake wa kasi ukitoka, mwenye gongo ana takriban sekunde 0.4 za kuuona, kuamua na kuzungusha. Husemwa mara nyingi kwamba mrushaji anayeanza mechi hucheza siku moja kati ya tano, wakati mpigaji yupo uwanjani karibu kila siku ya msimu wa mechi 162. Hoja hiyo hainiridhishi. Mrushaji mzuri anayeanza mechi 32 hukabiliana na wapigaji wapatao 800 kwa mwaka, huku mpigaji mwenyewe akishika zamu 650 hivi za kupiga. Kwa hesabu hiyo, mrushaji ana sehemu kubwa kuliko mpigaji katika matokeo ya mwaka mzima.

Tatizo liko kwenye kiwiko. Mkono haukuumbwa kurusha kitu kwa nguvu namna ile mara mia kwa siku. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano fupi inayozuia mifupa isiachane, na kila mrusho huivuta karibu na mwisho wa uwezo wake. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe wa Los Angeles alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto. John alirudi uwanjani 1976, akarusha hadi 1989, na kati ya ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya kisu. Upasuaji ule umebeba jina lake mpaka leo na umeokoa kazi za wengi. Umewafundisha pia wachaguzi kwamba kijana anayerusha kwa kasi ya kutisha akiwa na miaka 18 anaweza kuwa anaitumia sasa hivi akiba ya kesho.

Houston walilipia somo hilo mara mbili mfululizo. Appel aliumia, akahamishwa timu, akaacha mchezo 2018, kisha kwa moyo ambao sina neno la kuutosha akarudi na kuurusha mpira wake wa kwanza kwenye ligi kuu akiwa na Philadelphia, Juni 2022, miaka 30 tayari. Mwaka 2014 Houston walikuwa na zamu ya kwanza tena, wakamchagua Brady Aiken, mrushaji wa sekondari. Vipimo vya kiwiko vikawatia wasiwasi, mkataba haukusainiwa, na mwaka uliofuata Aiken akapasuliwa. Kwa fidia Houston walipewa zamu ya pili ya 2015. Safari hii walichukua mpigaji, Alex Bregman, naye akawa nguzo yao kwa miaka.

Theo Epstein alipofika Chicago kuiongoza Cubs, Oktoba 2011, hakuja na chuki dhidi ya warushaji. Alikuja na mpangilio wa wakati. Mpigaji mzuri wa chuo kikuu huonekana mapema: ameshapiga mbele ya warushaji wa kweli, idadi ya zamu zake ni kubwa, na jicho lake la kuiacha mipira mibaya ipite huwa tayari limejengeka. Basi mchukue huyo angali mchanga, kwa zamu ya juu. Mrushaji mngojee. Mwache mkono wake upite kwenye hatari ya miaka ya mwanzo ukiwa mali ya mwingine, kisha mtafute akiwa na miaka 24 au 27, unapojua kama umevuka.

Ndani ya mpango huo ndimo ulimokaa ufundi wenyewe. Epstein na msaidizi wake Jason McLeod waliwataka maskauti, yaani watazamaji wao wa vijana, warudi na habari zisizopimwa kwa saa wala mashine ya kasi: mifano mitatu ya jinsi kijana alivyokabili matatizo uwanjani, na mitatu ya jinsi alivyoyakabili nje ya uwanja. Hebu fikiria kazi inayotakiwa kuipata mifano hiyo. Ni kuongea na kocha, na mwalimu, na mama, na mchezaji mwenzake aliyekaa benchi. Ni kwenda kumtazama kijana siku aliyokosa mipira yote minne, kwa sababu beisboli ni mchezo ambao mpigaji bora hushindwa mara saba katika kila kumi, na asiyejua kushindwa hatadumu ndani yake hata mwezi.

Majina ya zamu zao za kwanza yalikuwa ya wapigaji mwaka baada ya mwaka: Albert Almora 2012, Bryant 2013, Kyle Schwarber 2014, Ian Happ 2015. Warushaji waliingia kwa mlango mwingine. Kyle Hendricks walimpata Julai 2012 kutoka Texas, wakimtoa Ryan Dempster aliyekuwa na miaka 35. Hendricks alikuwa amechaguliwa duru ya nane kutoka Dartmouth, chuo kinachosifika zaidi kwa wasomi kuliko wanamichezo, na mpira wake wa kasi ulikuwa kama kilomita 140 kwa saa, polepole kwa kipimo cha ligi kuu. Ila ilibidi umtazame kwa makini. Mpira wake wa pili ulitoka kwa mkono uleule, kwa mwendo uleule wa bega, vidole vikiwa vimejificha ndani ya glavu hadi dakika ya mwisho, lakini ulikuja ukiwa umepungua zaidi ya kilomita kumi kwa saa na kuzama karibu na magoti. Mpigaji alizungusha gongo kabla mpira haujafika. Huwezi kuyaona hayo kwa mashine ya kasi. Lazima kuwe na mtu aliyekaa akatazama.

Jake Arrieta naye alitoka Baltimore, Julai 2013, akiwa amevunjika moyo. Katika miaka yake pale aliruhusu wastani wa mikimbio 5.46 kwa kila vipindi tisa, na mkimbio ndio alama ya beisboli, na hiyo ni hesabu ya mtu anayekaribia kuachwa. Makocha walikuwa wamemzuia asirushe kwa kukata mwili wake, mguu ukienda upande wa kituo cha tatu na mkono ukitokea nyuma yake. Chicago walimwachia arushe jinsi mwili wake ulivyotaka. Mwaka 2015 alishinda mechi 22, akapoteza 6, wastani wake ukashuka hadi 1.77, na tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, ikawa yake. Jon Lester, aliyefahamika vizuri kwa Epstein tangu alipofanya kazi Boston, walimnunua Desemba 2014 kwa mkataba wa miaka sita na dola milioni 155. Fedha hiyo ilipatikana kwa kuwa wapigaji vijana bado walikuwa na mishahara midogo. Hapo ndipo vipande viwili vya mpango vilipokutana.

Njia hii haikuwa bila majibu. Oktoba 2015 New York Mets waliwafagia Cubs mechi nne kwa sifuri, na katika mechi zote nne Cubs hawakuongoza hata kwa dakika moja. Mets walikuwa wamejengwa kinyume, juu ya mikono: Matt Harvey, Noah Syndergaard, Steven Matz, na Jacob deGrom, aliyechaguliwa duru ya tisa mwaka 2010 baada ya kucheza chuoni zaidi kama mlinzi wa kati kuliko mrushaji. Nadhani kumwona mrushaji ndani ya mlinzi ni tendo zuri kuliko yote ya kizazi kile cha maskauti. Mtu aliyesema tumwondoe huyu kwenye gongo, tumpandishe kilimani, alitoa tuzo mbili za Cy Young, za 2018 na 2019.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Chicago. Ili kuuona mpango ule ukifanya kazi kwa macho, angalia kipindi cha kumi cha mechi ya saba ya World Series, fainali ya ligi kuu, Cleveland, usiku wa tarehe 2 Novemba 2016 ukiingia tarehe 3. Mechi ilikuwa 6–6, mvua ilikuwa imesimamisha mchezo kwa dakika 17. Schwarber alianza kwa kupiga mpira safi hadi uwanja wa kulia. Alikuwa amechanika kano za goti Aprili na kukosa karibu msimu wote kabla ya kurejea kwa fainali hiyo, na mguu wake haukumfaa kukimbia, kwa hiyo Almora aliingia kukimbia badala yake. Bryant akapiga mpira wa juu, mbali, ukadakwa karibu na ukuta wa kati. Wengi huishia nusu ya njia wakitazama mpira kama huo. Almora alirudi kukanyaga kituo chake, akasubiri udakwe, kisha akaondoka mbio hadi kituo cha pili. Wateule wa kwanza wa 2014, 2012 na 2013, mmoja baada ya mwingine, na ni yule wa 2012, asiyekumbukwa sana leo, aliyefanya uamuzi uliofungua mlango. Ben Zobrist akapiga kando ya mstari wa kushoto, Almora akafika nyumbani, Miguel Montero akaongeza mwingine. Cubs walishinda 8–7, taji lao la kwanza tangu 1908. Mpira wa mwisho ulirushwa na Mike Montgomery, aliyenunuliwa Julai ileile, ukabingirika hadi kwa Bryant.

Gharama ilikuja baadaye, na lazima isemwe. Klabu isiyolea warushaji wake hulazimika kuwanunua kila mwaka, na bei hulipwa kwa vijana. Mwaka 2017 walimtaka José Quintana, wakawatoa Eloy Jiménez na mrushaji mdogo Dylan Cease. Cease huyu ana hadithi yake. Mwaka 2014 Schwarber alikubali kusaini kwa dola milioni 3.125, chini ya kiwango kilichowekewa zamu ya nne, na akiba ile Cubs waliitumia kuwashawishi warushaji wa sekondari katika duru za nne, tano na sita. Cease alikuwa wa sita, kiwiko chake kikihitaji kupasuliwa. Walimchukua wakijua hivyo. Mwaka 2024, akiwa San Diego, alimaliza mechi nzima bila mpinzani kupiga hata mpira mmoja salama. Wa tano alikuwa Justin Steele, ambaye wao wenyewe walibaki naye, na mwaka 2023 alikuwa kati ya nyota wa ligi. Kwa hiyo hata katika mwaka walioonekana kuchagua mpigaji, mkono wao wa pili ulikuwa ukipanda warushaji. Huo ndio ustadi ninaoupenda kuliko wote katika habari hii.

Wapo waliotaka jibu la moja kwa moja. Los Angeles Angels mwaka 2021 walitumia zamu zao zote 20 kwa warushaji, na hadi sasa hawajafika mchujo tangu 2014. Pittsburgh mwaka 2023 walivunja kanuni kwa namna tofauti: wakiwa na zamu ya kwanza, na Dylan Crews, mpigaji hodari wa Louisiana State, akiwapo, walimtaja mwenzake wa timu ileile, Paul Skenes, mrushaji. Mwaka 2024 Skenes alimaliza msimu wake wa kwanza na wastani wa 1.96, na mwaka 2025 akachukua Cy Young. Walimwona kijana aliyekuwa mdakaji pia alipokuwa chuo cha jeshi la anga, mwenye mwili mkubwa na mkono ambao haukuwa umetumika sana kabla ya miaka 20. Sidhani walibahatisha.

Cubs wenyewe, sasa chini ya Jed Hoyer aliyekuwa naibu wa Epstein, walibadili mkono 2022. Kwa zamu ya saba walimtaja Cade Horton wa Oklahoma, ambaye kiwiko chake kilishapasuliwa na aliyekuwa amerejea miezi michache tu, lakini katika fainali ya vyuo vikuu aliwaangusha wapigaji 13 kwa mpira wa kupinda aliokuwa amejifunza mwishoni mwa msimu. Alisaini chini ya kiwango, na akiba ikaenda kwa mrushaji wa sekondari wa duru ya pili, Jackson Ferris. Mwaka 2025 Horton alipanda ligi kuu na wastani wa 2.67, na kwa miezi ya mwisho wa kiangazi hakukuwa na mrushaji wao aliyekuwa mgumu kupigwa kama yeye. Mwishoni mwa Septemba ubavu wake ukavunjika, na Cubs wakaingia mchujo bila yeye.