Ugumu wa Neno Jepesi: Kuisoma Paradise ya Gurnah huko Rinkeby

Mwanafunzi wa Kiingereza afikapo daraja la juu hukabidhiwa orodha: upande mmoja maneno adimu, mengi yenye asili ya Kilatini na Kiyunani, upande wa pili, maana zake. Ayakaririye huhesabiwa kuwa amebobea. Dhana iliyojificha humo ni kwamba ugumu wa neno hutokana na uadimu wake. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), yaikanusha dhana hiyo.

Msomaji mwenye kustahili kuulizwa juu ya jambo hili ni kijana wa Rinkeby, kitongoji cha Stockholm kilichojengwa katika mpango wa Uswidi wa nyumba milioni moja (1965–1974), ambamo leo wanaishi wahamiaji wengi, wakiwemo Wasomali. Kwake Kiingereza mara nyingi ni lugha ya tatu. Hata Kiswidi cha vijana wa huko kilibandikwa jina la kitongoji: katika miaka ya 1980 mwanaisimu Ulla-Britt Kotsinas alikichunguza kwa jina la Kiswidi cha Rinkeby, na mitaani jina hilo likageuka pia kuwa kejeli. Kijana huyo anajua mapema kwamba msamiati ni kipimo cha hadhi. Orodha humwahidi hadhi hiyo, wala ahadi si ya uongo mtupu, kwani asiyeyajua maneno ya chuoni hubaki nje ya chuo.

Hata hivyo, neno lililobeba mzigo mzito katika Paradise halimo katika orodha yoyote ya daraja la juu. Ni "uncle". Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita hivyo. Dukani, Khalil anamfunza kwamba huyo si mjomba wala ami yake, amwite "seyyid". Baba yake Yusuf ana deni, na mtoto ndiye rehani. Kamusi haitamsaidia msomaji hapa, kwa kuwa neno halijabadili maana yake. Limetumika kuufunika utumwa kwa sitara ya udugu.

Msomaji wa Rinkeby ana silaha asizozihesabu. Kisomali hutenganisha "adeer" na "abti", Kiswidi "farbror" na "morbror", kama Kiswahili kitenganishavyo ami na mjomba. Kiingereza huwakusanya wote chini ya jina moja. Aidha, Msomali humwita "adeer" hata mtu mzima asiye wa damu yake, kwa heshima tu. Basi anaweza kuuliza swali ambalo mkariri wa orodha hana sababu ya kuliuliza: huyu ni ami wa upande gani, na nani anafaidika kwa kuitwa hivyo?

Swali hilo lawahusu Waswahili pia. Tafsiri ya Kiswidi, Paradiset, ilitoka mwaka 2012. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, baada ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Kwa miaka 28 msomaji wa pwani asiye na Kiingereza cha kutosha alikosa riwaya inayoisimulia pwani yake. Madarasa yetu yaliyokuwa yakimwandaa kuifikia yalimhimiza akusanye maneno marefu, ilhali lile fupi lililomficha Yusuf lilihesabiwa kuwa limekwisha kujulikana tangu darasa la kwanza.