Mke wa Mkwaju

Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Aliyeteka masikio mwanzo alikuwa Mkwaju: dereva wa lori la masafa marefu, mlevi, mwenye kupenda watoto wa kiume kuliko wa kike, na mwenye vimada njia nzima. Nyumbani kuna mke, Tunu, na watoto.

Mtu wa Changamwe, hapa Mombasa, hana haja ya kuelezwa Mkwaju ni nani. Ukishavuka Makupa, ukapanda Changamwe, ukashika Mikindani na Jomvu hadi Miritini, matrela yamejipanga kandokando yakingoja mzigo wa bandarini, na kina mama wameshabandika chai na viazi karai. Mkwaju alitungwa Dar es Salaam, lakini ungedhani mtunzi alikaa siku nyingi kwenye benchi la mama mmojawapo wa barabara hii akisikiliza. Mwaka huo huo wa 1993 watafiti walianza kuwafuatilia wafanyakazi wa kampuni za malori hapa kwetu, wapate kujua virusi vya ukimwi vinawaingia kwa njia zipi. Wakati watafiti wanachukua damu ya dereva, ng'ambo ya mpaka kuna waandishi waliokuwa wakimwandika mkewe.

Mchezo ulilipiwa ili ufundishe: uzazi wa mpango na ukimwi, kwa fedha za shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA. Kazi za namna hiyo huwa naziogopa. Mara nyingi ni hotuba tu iliyogawiwa watu wawili waisome kwa zamu. Hii iliponea kwa Tunu.

Kanuni yenyewe ilitoka mbali. Huko Mexico, miaka ya 1970, mtunzi Miguel Sabido alikuwa ameuchunguza mchezo wa televisheni wa Peru, Simplemente María, wa mwaka 1969, ulioeleza habari za mtumishi wa nyumbani aliyejikwamua kwa cherehani. Sabido alitambua kwamba mtazamaji hamwigi malaika, wala hajioni katika shetani. Anamwandama yule aliye kati, anayeyumba. Kenya ilitangulia kuijaribu njia hiyo kwa Ushikwapo Shikamana, mchezo wa redio uliosikika mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika Twende na Wakati malaika walikuwa Fundi Mitindo na Mama Waridi, mume na mke wanaosikilizana. Watu wema, na kusema kweli wanachosha kidogo. Shetani ni Mkwaju. Wa katikati ni Tunu, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Kumwandika mwanamke shujaa ni rahisi. Mpe maneno makali, mpe mlango wa kuubamiza, kazi imekwisha. Waandishi wa Tunu walimwanza chini kabisa, mke mtiifu anayebeba mimba na kunyamaza, wakamwacha huko muda mrefu hadi wasikilizaji wakachoka kwa niaba yake. Nusu saa mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki, zinakupa nafasi ambayo filamu ya saa mbili haina. Mke anaweza kusamehe leo, akasamehe tena wiki ijayo, na ile samahani ya tatu ikatoka na sauti nyingine. Ni kazi ya fundi wa jahazi anayetia kalafati: mpenyo mmoja, kisha wa pili, na ukiruka mmoja maji yataingia. Tunu alipoondoka hatimaye, hakuna aliyeuliza ujasiri ule umetoka wapi, kwa maana kila mtu alikuwapo ulipokuwa ukikusanywa.

Jambo jingine nalistahi mno: walimpa biashara yake mwenyewe. Biashara ndogo, ya kumlisha yeye na wanawe. Tajiri wa kuja kumwoa hawakumleta, wala kaka kutoka Ulaya. Michezo mingi ya televisheni tunayotazama siku hizi humtoa mke katika nyumba mbaya kwa kumwingiza katika nyumba kubwa zaidi, na mimi huzima hapo hapo.

Pwani yetu ina deni katika jambo hili la mke na uvumilivu. Utendi mashuhuri kuliko yote aliotunga mwanamke, ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye, na sehemu yake kubwa ni adabu za kumridhisha mume. Simlaumu marehemu, alisema na mwana wake, kwa wakati wake, na kwa lugha ambayo hakuna aliyeifikia. Lakini wasia ule umetajwa katika vikao vya harusi kuanzia Likoni hadi Kisauni mpaka ukabaki na neno moja tu, vumilia, na neno hilo ndilo alilobebeshwa Tunu mwanzoni. Waandishi hawakulitukana. Walimwacha alitimize hadi mwisho wake, tukasikia linazaa nini.

Redio nayo ilisaidia. Televisheni ingempa Tunu sura, na sura ina kabila, rangi na umri. Katika sauti tupu kila msikilizaji alimvika leso ya jirani yake. Breki za lori nje ya nyumba zatosha kumfanya mtu ajue mume karudi, na ule ukimya wa mke kabla ya kuitikia ni maneno ambayo mwigizaji hakuandikiwa.

Hatari kubwa ilikuwa Mkwaju mwenyewe. Mlevi mwenye maneno huchekesha, na mwovu anayechekesha huiba mchezo. Waandishi hawakumnyima utamu wake. Jina likatoka redioni likaingia mitaani, na mwanamume mwenye vimada akaitwa Mkwaju mbele ya watu. Kisha wakamwua kwa ukimwi, polepole.

Kila kipindi kilifungwa na msimulizi aliyewaachia wasikilizaji la kufikiri. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Nawahurumia wake wa Dodoma wa miaka ile miwili kwa sababu nyepesi zaidi kuliko za watafiti: wenzao walikuwa wakibishana kisimani kama Tunu aondoke au asiondoke, nao hawakuwa na la kuchangia.