Utalii Wenye Maadili: Je, Mwenyeji Anaweza Kusema Hapana?



Siku hizi maneno "utalii wenye maadili" yako kila mahali. Makampuni ya safari yanayaandika kwenye matangazo, mahoteli yanayabandika mlangoni. Hata huku kwetu provensi ya Tanganyika, mutu akianza kuzungumza juu ya maendeleo baada ya vita, hakawii kusema: tuna ziwa, tuna reli, tuna utamaduni, basi tulete watalii. Mimi sipingi. Lakini ninataka tuyasome maneno hayo vile tulivyofundishwa kusoma maandishi yoyote darasani: yanampa nani haki, na yamemsahau nani?

Maandishi yenyewe yapo. Tarehe 1 Oktoba 1999, mjini Santiago, Chile, Shirika la Utalii Duniani lilipitisha Kanuni za Maadili ya Utalii Duniani. Zina vifungu 10. Mwaka 2002 likafuata Tamko la Cape Town juu ya utalii wa kuwajibika, na Umoja wa Mataifa ukautangaza mwaka 2017 kuwa mwaka wa kimataifa wa utalii endelevu. Kwa hiyo siyo mambo ya barabarani, ni mambo yaliyoandikwa na kupigiwa muhuri.

Ndani ya zile Kanuni kuna mengi mazuri. Kifungu cha 5 kinataka utalii uwafaidie wenyeji. Cha 4 kinataka urithi wa utamaduni ulindwe. Cha 9 kinatetea haki za wafanyakazi. Nani atakataa hayo? Lakini tazama mizani. Kifungu cha 7 kinatangaza haki ya kutalii. Cha 8 kinatangaza uhuru wa mtalii kutembea. Sasa mimi natafuta kifungu kinachotangaza haki ya mwenyeji kukataa: leo nyumba imefungwa, ngoma hatuchezi, foto hapana. Katika vifungu vyote 10, hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili hiyo. Tena kifungu cha 1 kinamwomba mwenyeji naye ajifunze maisha ya mgeni, ladha zake na matarajio yake.

Kiswahili kina methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Utalii wenye maadili umeichukua ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Na ile ya pili haina ukali wowote, inasema tu kwamba nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anajua ugeni unaisha lini.

Mutu ataniuliza: wewe wa Nyunzu, mambo ya watalii yanakuhusu nini? Ni kweli, treni ya Kalemie na Kabalo haituletei watalii. Wageni wetu wa miaka hii ni watu wa ONG na magari yao meupe. Tangu 2013 teritware yetu imejulikana nje juu ya mapigano ya Batwa na Waluba. Tarehe 30 Aprili 2015, kambi ya wakimbizi ya Vumilia 1, hapa hapa Nyunzu, ilishambuliwa kwa mapanga na mashoka, watu wasiopungua 30 wakauawa. Baadaye yakaja mabaraza ya amani, na watu wakaanza tena kuzungumza. Chini ya mapigano hayo kulikuwa malalamiko ya Batwa ya siku nyingi: ardhi, malipo madogo ya kazi za shambani, na kukosa kiti penye maamuzi.

Sasa fikirini wenyewe. Siku mtalii wa kwanza atakapokuja Nyunzu, tutamuonyesha nini? Mimi naona jibu tayari. Siyo stesheni. Atapelekwa kwa Batwa. Ndiyo maana ninasema jambo hili ni letu, na tulizungumze sasa, kabla ya broshua kuchapishwa.

Maana kumuangalia mutu wa msituni wa Kongo ni biashara ya zamani. Mwaka 1904 kijana mmoja wa Kongo, Ota Benga, alipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, Marekani. Mwaka 1906 akawekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, watu wakaja kumtazama. Alikufa mwaka 1916, akijiua mwenyewe. Shirika linaloendesha bustani hiyo, Wildlife Conservation Society, liliomba msamaha mwaka 2020, miaka 114 baada ya tendo. Na mwaka 2022 shirika hilo hilo lilitia sahihi mkataba na serikali yetu wa kusimamia pamoja Parki ya Kahuzi-Biega. Sisemi watu wa leo ni wale wa 1906. Ninasema historia iko karibu kuliko tunavyodhani.

Kahuzi-Biega, kule Kivu ya Kusini, ndiyo kesi yetu kubwa ya nyumbani. Parki iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980. Watalii wakaja kuona gorila. Batwa walioishi na gorila hao wakatolewa katika miaka hiyo ya 1970, bila fidia. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu zao wenyewe. Vurugu zilizofuata ziliua Batwa na pia walinzi wa parki, na miti mingi ikakatwa kwa makaa. Kila upande una makaburi yake. Lakini mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake: kuwafukuza Batwa kulivunja haki zao, na serikali inapaswa kuwarudishia ardhi, kuwalipa fidia na kuwaomba msamaha hadharani.

Hapa njo ninaona kasoro kubwa. Mtalii aliyekwenda Kahuzi-Biega katika miaka hiyo yote angeweza kufuata kila kanuni. Hakutupa plastiki. Alikaa mbali na gorila. Alilipa kibali, alimpa kiongozi wake bakshishi, alisema "jambo" na "asante". Alirudi kwao akiwa mtalii mwenye maadili kabisa, na chini ya viatu vyake ilikuwa ardhi ya mutu aliyefukuzwa. Maadili yanayopima tabia ya mgeni peke yake hayawezi kuona jambo hilo, kwa sababu dhambi ilitendwa kabla mgeni hajashuka kwenye ndege.

Twende Uganda, ambako watu wamejaribu kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1991 Batwa walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa kuwa hifadhi za taifa. Mwaka 2011 ilifunguliwa Njia ya Batwa ndani ya Mgahinga. Viongozi wa msafara ni Batwa wenyewe. Wanaonyesha jinsi ya kuwasha moto kwa vijiti, dawa za miti, mitego ya zamani, na mwisho kuna nyimbo ndani ya pango la Garama. Mradi huu ni mojawapo ya miradi inayosifiwa, na nina sababu ya kuuheshimu: unaleta feza, na unawapa Batwa nafasi ya kuingia msitu wao kihalali na kupitisha ujuzi kwa vijana.

Lakini uangalie vizuri. Mutwa anaruhusiwa kuonyesha jinsi alivyowinda, haruhusiwi kuwinda. Anaruhusiwa kuonyesha jinsi alivyolala msituni, jioni lazima atoke. Maisha yake yamekatazwa, igizo la maisha yake ndilo limepewa kibali. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba Batwa waliachwa katika hali mbaya bila fidia inayostahili. Mahakama iliona kitu ambacho tuzo za utalii hazina macho ya kuona.

Wengine watasema: dawa ni kugawana mapato. Rwanda mwaka 2017 ilipandisha kibali cha gorila kuwa dola 1,500, na sehemu ya mapato inayorudi kwa jamii za jirani ikatoka asilimia 5 ikawa 10. Ni hatua nzuri, shule na vituo vya afya vinajengwa. Lakini asilimia ya feza siyo asilimia ya sauti. Mutu anaweza kupewa sehemu ya mapato bila kuulizwa kama alitaka duka lifunguliwe uani kwake.

Tena feza ya utalii ni feza ya hewa. Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa Virunga na mlinzi akauawa, parki ikafungwa kwa watalii kwa miezi. Mwaka 2020 korona ikafunga dunia nzima. Wakati kama huo mwenye shamba la mihogo anarudi shambani. Asiye na shamba, aliyebakiwa na ngoma yake tu, atamchezea nani?

Hapo ndipo fikra yangu inasimama. Uwezo wa kusema "hapana" hautoki katika kanuni wala katika moyo mwema wa mgeni. Unatoka shambani. Mutwa mwenye ardhi yake anaweza kumwambia mtalii: leo tunapanda mahindi, urudi kesho. Asiye na ardhi atasema ndiyo kwa kila kamera, na ndiyo yake haina thamani, kwa sababu hakuwa na jibu lingine.

Najua pingamizi. Ndugu mmoja aliniambia: ukingoja kesi za ardhi ziishe, Batwa watalala njaa miaka 20, afadhali watalii waje leo. Ninamuelewa, njaa haingoji. Lakini huku Nyunzu tumeona kitu kinachotokea ukiacha swali la ardhi na heshima kwa kesho: kesho ilikuja na mapanga. Na kumuongezea mgeni mwenye dola katikati ya jamii ambazo bado hazijakubaliana nani ana haki juu ya nini, ni kumwaga mafuta penye makaa. Nani atashika ile feza? Chifu? ONG? Sisi wenye diplome?

Tunayo sheria ya kuanzia. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, juu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili wa jamii za Pigme, inazungumza juu ya ardhi yao na juu ya ridhaa yao. Wengi wetu hatujaisoma, na ni sisi ndio tutaitwa kuandika miradi, kujaza fomu za wafadhili, kutafsiri kati ya mgeni na kijiji.

Basi siku utakapopewa kazi hiyo, usianze na vyoo safi na mifuko ya karatasi, hayo yatafuata. Anza na ardhi: hapo tutakapowapeleka wageni, shamba ni la nani, na karatasi iko kwa jina la nani? Uliza bei na saa vimepangwa na nani. Uliza foto itakwenda wapi na nani ataiona. Halafu uliza swali lenyewe, tena uliulize kwa lugha ya nyumbani na chifu akiwa hayupo: mukikataa, mutapoteza nini? Kama jibu ni "hatutapoteza kitu, tutaendelea kulima", hapo karibisha wageni. Kama jibu ni kimya, funga faili, kwanza tukatafute shamba.