Fyuzi na "Kinga ya Umeme"

Wako wafasiri wanaoona haya kuandika fyuzi. Kwao neno hilo lina sura ya kigeni mno, basi hulibadili kuwa kinga ya umeme. Sisi tunaona tafsiri hiyo ina kasoro, tena kasoro yenyewe yaweza kuleta maafa.

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichotiwa kwa makusudi katika njia ya umeme ili kiwe cha kwanza kushindwa. Mkondo ukizidi kiasi, ama kwa shoti ama kwa kuunganisha vyombo vingi mno, waya huo hupata moto ukayeyuka, na njia ikakatika kabla nyaya za ukutani hazijaungua. Kilindwacho hapo ni nyaya na chombo. Mtu hayumo. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 hupitisha bila taabu mkondo wa birika la wati 2,000, yaani karibu ampea 9 kwa volti 230. Ilhali sehemu ya kumi tu ya ampea moja, ikipita mwilini, yatosha kuua. Msomaji aambiwapo kwamba chombo chake kina kinga, atadhani amekingwa yeye. Kifaa cha kumkinga mtu kipo, nacho ni kingine kabisa, aghalabu hukata umeme unapovuja kufikia ampea 0.03. Tukiisha kuipa fyuzi jina la kinga, hicho tutakiitaje?

Isitoshe, neno fyuzi limekwisha kukubalika. Mjini Babati, katika mitaa ya Bagara, muuza vifaa na mnunuzi huenda mmoja akawa Mgorowa na mwenziwe Mrangi, Mwiraqw au mgeni wa mkoa mwingine. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Aombaye fyuzi ataeleweka. Aombaye kinga ya umeme asishangae akiletewa glavu za mpira.

Hatusemi, hata hivyo, kwamba kila kisemwacho kifuatwe. Kauli ya fyuzi imelipuka hatuipendi. Katika Kiingereza, fyuzi ya umeme na utambi wa baruti huandikwa kwa neno la sura moja, ingawa la kwanza latokana na kuyeyuka na la pili na kijiti cha kusokotea uzi. Sisi tunayo maneno mawili, na hatuna sababu ya kurithi mlipuko. Mwanafunzi aliyefundishwa imelipuka hutafuta masizi. Akiiona fyuzi ya plagi i nzima kwa nje, huilaumu pasi. Imeungua yafaa, na imekatika yafaa zaidi.

Juu ya nguzo mambo ni mengine. Nyingi za fyuzi zinazolinda transfoma zimetiwa katika bomba lenye bawaba: waya ukiyeyuka, bomba huachia na kuning'inia. Afasiriye mwongozo wa mafundi wa laini na aandike imeanguka, kwani hicho ndicho fundi akionacho kutoka chini.